Kabini ya Mama: siku sita kati ya Goma na Bukavu

Jumatano, 11 Julai 2018. Goma

Mama ana miaka 71 na amelivuka Ziwa Kivu, hapa kwetu mashariki mwa Kongo, mara ambazo hata yeye hazihesabu tena. Mara zote alivukia chini, daraja la tatu, amekalia gunia la mtu, mgongo kwenye chuma, kichwa kikimwangukia jirani begani. Sasa magoti yamekataa. Jumamosi mjukuu wake wa kwanza anafunga ndoa Bukavu, na sisi watoto wake wanne tumechanga miezi miwili ili safari hii alale kitandani, nyuma ya mlango unaofungwa kwa ufunguo. Shule zimefunga, kwa hiyo mimi mwalimu ndiye wa kumsindikiza.

Asubuhi nimeshuka bandarini mwenyewe kununua bileti. Ningeweza kumtuma kijana wa motari, yaani pikipiki, lakini kabini haitumwi. Ukituma mtu, utapewa iliyobaki, na inayobaki kila mara ni ile ya nyuma, juu ya injini, ambayo kitanda chake kinatetemeka hadi asubuhi na harufu ya mazuti inaingia hata ukiziba dirisha kwa kitenge.

Nimemwomba karani anionyeshe mpango wa vyumba. Hakuwa nao. Akachukua kalamu akanichorea nyuma ya karatasi: kabini nane, nne kila upande, ngazi katikati, choo karibu na ngazi, injini nyuma. Nikamwomba ya katikati, upande wa kulia, isiyopakana na choo. Akataka kujua kwa nini kulia. Nikamweleza nilivyofundishwa na marehemu baba, aliyebeba mizigo bandari hii miaka mingi: Julai ni kiangazi, na upepo wa kiangazi katika ziwa hili unatoka kusini-mashariki. Meli ikielekea Bukavu inaelekea kusini, basi mawimbi yanaipiga kutoka mbele, kushoto. Upande wa kulia unabaki kivulini. Na katikati ya meli ndipo kunakoyumba kidogo kuliko mbele au nyuma, kama vile katikati ya mbao ya kubembea. Karani akaandika jina la Mama kwenye kabini namba 3.

Kisha nikamwuliza bileti hii inanipa nini. “Kabini na chakula, dada. Njo vile.” Nikakaa kwenye kiti. Chakula gani? Cha watu wangapi? Saa ngapi? Mizigo inabebwa na nani? Tukifika usiku tunatolewa nje? Nilimchosha, najua, lakini kila swali lilitoa kitu ambacho hakikuwa kimesemwa. Chakula cha jioni na chai ya asubuhi kwa watu wawili. Maji na soda. Blanketi mbili. Kuingia melini kabla ya lango kufunguliwa kwa watu wote. Mizigo miwili kupelekwa hadi chumbani na wafanyakazi wa meli, bila malipo ya juu. Sebule ya ghorofani yenye televisheni. Na hiki ndicho kilichonifurahisha zaidi: meli ikishatia nanga Bukavu, abiria wa kabini anaruhusiwa kubaki amelala hadi saa moja asubuhi. Kuuliza si ujinga. Nimeyaandika yote nyuma ya bileti na karani akatia sahihi chini yake.

Alhamisi, 12 Julai. Bandarini, kisha majini

Tumefika saa kumi na moja jioni, saa tatu kabla ya kuondoka. Mama alilalamika njia nzima kwamba tunaenda kulinda meli. Lakini kule langoni machukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yalikuwa yameshapanga foleni na kabichi za Rutshuru, viazi, maharage, na watu walikuwa wameanza kusukumana. Wabeba mizigo watano walitukimbilia, kila mmoja ameshika kona ya sanduku letu. Nilitoa bileti nikasema neno moja tu: mizigo ya kabini inabebwa na watu wa meli. Wakaliachia. Kijana mwenye fulana ya meli akaja, akachukua sanduku na kikapu.

Sanduku lilikuwa na sare za harusi, vitenge vya wanawake kumi na mmoja, vimeshonwa na kupigwa pasi. Miaka mitatu iliyopita sare za ndugu yetu mwingine zilifika Bukavu zimelowa mafuta ya mawese ya mtu, na picha za harusi ile bado zinaonyesha. Kikapu kilikuwa na mviringo sita za fromaji, jibini ya Masisi, maana mtu wa Goma hafiki Bukavu mikono mitupu.

Halafu ubao. Kati ya gati na meli kuna ubao wenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa kuzuia kuteleza, upana wake hauwatoshi watu wawili. Lango likishafunguliwa, watu wanaupita kama maji ya mvua: magunia, watoto migongoni, kuku, godoro kichwani. Mwaka juzi ni hapo Mama alipoanguka. Leo alipanda akiwa peke yake. Hatua moja, anapumzika. Hatua ya pili, ananishika mkono. Kijana wa meli alisimama upande wa pili amenyoosha mikono, hakumharakisha, hakuna aliyekuwa nyuma yetu. Alipotia mguu ndani alisema, “Aksanti Mungu,” akakaa kwenye benchi ya kwanza aliyoiona. Kama bileti ile isingenipa kitu kingine chochote, ningeinunua kwa ajili ya ubao ule.

Kabini ni ndogo. Vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, magodoro ya sponji, dirisha la kusukuma, ndoano mbili ukutani, taa moja. Kabla sijatundika hata mtandio nilitafuta jile za kuokolea, yale makoti ya kuelea majini. Zilikuwa chini ya kitanda. Moja ilikuwa nzima, ya pili kifungo chake kimevunjika. Nikamwita mhudumu, akaleta nyingine, nikamvisha Mama nikakaza mikanda.

“Unaniletea mkosi,” alisema.

“Mama, nakuletea jile.”

Sikubali kubishana kuhusu hili. Ziwa letu limechukua watu wengi mno, na kila baada ya ajali tunasikia lilelile: jile zilikuwa chache, au zilikuwa zimefungiwa mahali. Kuwa na jile yako chumbani, inayokutosha, uliyokwisha kuijaribu, ni huduma kubwa kuliko soda na televisheni. Nilimwomba mhudumu anipeleke kwa miguu kutoka mlangoni mwetu hadi mahali pa kukusanyikia, nikahesabu milango. Miwili, kisha ngazi. Gizani nitaipata kwa kupapasa.

Baada ya hapo nikaenda jikoni. Huu ndio wakati wake, meli ikiwa bado imefungwa na wapishi hawajabanwa. Mama ana presha. Nikamwomba mpishi samaki wake asitiwe chumvi, na chakula kije kabla hatujaondoka. Mpishi, mama wa makamo, aliuliza, “Hata munyu kidogo?” Hata kidogo. Akachukua tilapia mmoja akamweka pembeni mbele ya macho yangu. Nikamwomba pia nafasi ya fromaji kwenye friji yake, na maji ya moto kwenye terimosi yetu. Vyote viwili alinipa, wala hakuniomba kitu. Watu wa kabini wengi hawafiki jikoni, alisema, wanangoja chumbani halafu wanakasirika.

Tukala saa moja na nusu, meli imetulia kama nyumba. Samaki na ndizi, na mboga za lengalenga ambazo hatukuagiza. Kula kabla ya kuondoka ni jambo ninalolisisitiza, kwa sababu sehemu mbaya ya safari hii ni mwanzo wake: kaskazini mwa ziwa kuko wazi, upepo hauna cha kuuzuia. Ukila huko, utakirudisha.

Nilidhani sasa Mama atalala. Akajifunga kitenge cha pili, akashika ngazi.

“Unaenda wapi?”

“Niko nashuka chini kusalimia watu.”

Tumechanga miezi miwili ili asiwe chini! Nilimfuata nikiwa nimekasirika kweli. Daraja la tatu lilikuwa limeshajaa, magunia hadi dirishani, watoto wamelazwa juu ya kabichi. Nayo sauti yake ilikuwa ileile ya utotoni mwangu, watu mia wanaongea kwa pamoja. Hakumaliza hatua kumi kabla hajaitwa. Mwanamke mmoja mwenye viazi, rika lake, walikuwa wakisafiri pamoja tangu zamani wote wawili wakiuza maharage. Walishikana mikono hawakuachiana. Bei ya gunia, nani amekufa, nani ameoa tena, barabara ya Minova ikoje. Mama alicheka kicheko ambacho sikukisikia nyumbani mwaka mzima.

Meli ikang'oa nanga saa mbili na robo. Nilipanda juu peke yangu kutazama. Nyuma yetu taa za Goma, na juu yake wingu la Nyiragongo likiwa jekundu kwa chini, kama jiko ambalo makala yake yamekolea. Mwezi haukuwapo. Usiku wa giza kama huu ndio usiku wa sambaza: wavuvi wanawavuta kwa taa, na mbele yetu taa zilikuwa zimetawanyika juu ya maji hadi usingeweza kusema ziwa linaishia wapi. Babu zetu hawakuwajua samaki hawa. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Bukavu haili bila wao.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 13 Julai. Majini hadi Bukavu

Saa nne usiku mawimbi yalianza kugonga, na Mama bado alikuwa chini. Magoti yalikuwa yameanza kumuuma, lakini hakutaka kumwacha rafiki yake juu ya viazi. Akaniambia nimwite apande naye tunywe chai. Mlinzi wa ngazi akatikisa kichwa. Mwenye bileti ya juu anashuka anapotaka, mwenye bileti ya chini hapandi.

Sikutaka kugombana naye, ana mabosi wake. Nilimtafuta mhudumu wetu nikamwuliza kwa upole: abiria wa kabini anaruhusiwa mgeni? Alifikiri. Akaenda kwa komanda, yaani nahodha, akarudi. Mgeni mmoja, sebuleni, hadi saa sita, jina lake liandikwe kwenye daftari. Hakuna aliyenitajia jambo hilo ofisini, wala sikuwa nimeliuliza.

Basi mama wa viazi akapanda. Aliingia sebuleni taratibu, akafuta miguu, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayengojea kuitwa kwa daktari. Televisheni ilikuwa inaimba muziki wa Kinshasa. Nikamimina chai ya terimosi, Mama akaomba fromaji moja itolewe kwenye friji, akaikata. Kwenye kikombe cha pili yule mama aliegemea. Wakaanza habari za mazuku, ile hewa ya mashimoni inayoua mbuzi na watoto upande wa Goma, kisha gesi ya ziwa lenyewe. Mama anajua kwamba chini ya maji haya, kina chake kikifika karibu mita 480, kuna gesi ya kuwaka iliyojaa, na kwamba Wanyarwanda wanaivuta kutengeneza umeme. “Sisi tunavuta makala tu,” alisema rafiki yake, na wote wawili wakanyamaza kidogo.

Saa sita kamili alishuka bila kuambiwa. Mama alimpa blanketi yake ya pili. Mhudumu aliliona akageuza uso, nami asubuhi nililirudisha kabatini kwa mkono wangu ili asipate lawama.

Saa saba usiku tukaingia nyuma ya Idjwi. Kisiwa hiki ni kirefu, kinatukinga na upepo wa mashariki, na meli ikatulia ghafla kama mtoto aliyepewa titi. Dirisha letu la kulia lilikuwa wazi tangu mwanzo na halikuingiza tone. Abiria wa kabini ya upande wa pili aliniambia asubuhi kwamba alilala amefunga, kwa joto. Kuna baridi lakini. Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari na kiangazi hakiipunguzii. Mama alilala na jile chini ya mto. Mimi nililala kidogo sana, nilikuwa nasikiliza anavyopumua.

Tulitia nanga Bukavu kukiwa giza. Chini yetu kelele zikaanza, watu wa daraja la tatu wanashuka na mizigo kwa mwanga wa simu. Sisi tukabaki. Hapa ndipo nilipoona thamani ya ile sahihi ya karani, kwa sababu mhudumu wa zamu mpya alibisha mlango akisema tutoke. Nilimwonyesha nyuma ya bileti. Akasoma, akasema, “Pole, Mama. Mulale.” Chai ikaja saa kumi na mbili na nusu na mikate na yai.

Kulipopambazuka tulikaa nje ya kabini. Bukavu inaingia majini kwa vidole vyake vitano, nyumba zimeshikilia kilima, moshi wa majiko ya asubuhi umelala juu ya ghuba. Mama hakuwahi kuuona mji huu kutoka majini kwa mwanga, hata mara moja. Kila safari aliingia akiwa ameinama, anatafuta gunia lake. Alinionyesha kanisa, akanionyesha mtaa wa Muhumba, akakosea, akarekebisha. Hatukuongea zaidi. Saa moja kasoro dakika tano tukashuka, ubao mtupu, sanduku limetangulia. Dada yangu alikuwa gatini tangu saa kumi na moja, ameshadhani tumezama.

Jumamosi, 14 Julai

Harusi. Vitenge vilitoka sandukuni vimenyooka. Mama alicheza akiwa amekaa.

Jumapili, 15 Julai

Amelala hadi saa nne. Mchana shemeji alitaka wote tutazame fainali ya Kombe la Dunia, na saa kumi na moja jioni nyumba nzima ilikuwa Wafaransa, kwa sababu ya damu yetu iliyo ndani ya timu ile, na golikipa Mandanda, mzaliwa wa Kinshasa, akiwa kwenye benchi. Mabao manne kwa mawili. Mtaa ulilia kama tumeshinda sisi.

Kabla ya mechi nilikwenda kununua bileti za kurudi. Mchana hakuna sababu ya kitanda, kwa hiyo nimechukua kanoti ya kasi, boti iendayo mbio, viti vya VIP. Nilirudia maswali yangu yote. Karani wa hapa alinijibu haraka: viti vya mbele dirishani, maji, kinywaji, kitafunio, choo karibu. Hakutaka kutia sahihi. Nikaandika jina lake na saa.

Jumatatu, 16 Julai. Bukavu hadi Goma

Viti vya dirishani tulivyoahidiwa vilikuwa na watu. Viwili vyetu vilikuwa nyuma, kando ya injini, na jamaa aliyekaa mahali petu alikuwa na namba ileile kwenye bileti yake. Kampuni ilikuwa imeuza kiti kimoja mara mbili, na hilo ni baya, kwa sababu mwenye kulipia kiti ni mara nyingi mgonjwa au mzee. Sikumsumbua yule jamaa, hana kosa. Nilimwendea msimamizi kabla kanoti haijaondoka, maana baada ya hapo hakuna kinachobadilika, nikamtajia jina la karani na saa niliyonunua, nikamwonyesha magoti ya Mama. Alimhamishia Mama mbele, kwenye kiti cha mfanyakazi. Mimi nilibaki nyuma. Kitafunio hakikuja. Nilipouliza kikaja.

Nikiulizwa na mtu wa Goma, nitamwambia hivi: katika kanoti ya kasi, VIP ni soda na hewa baridi. Unafika dakika ileile na mwenye kiti cha kawaida, ndani ya saa tatu hivi, na pesa ile ni afadhali uiongeze kwenye kabini ya usiku. Isipokuwa una mzee. Mwenye mzee analipia choo kilicho karibu, na hilo halina mjadala.

Safari hii nilimwombea Mama upande wa kulia kwa sababu nyingine. Ukielekea kaskazini, Idjwi inapita kulia kwako mchana kweupe, migomba hadi kwenye maji, mitumbwi ya mananasi. Niliona kisogo chake kutoka nyuma, kimegeukia dirisha, hakikusogea hadi kisiwa kilipoisha. Baada ya hapo tukatoka wazi, mawimbi yakatupiga kwa nyuma, na ukungu wa kiangazi ulikuwa umeficha milima. Nyiragongo tuliiona tukiwa tumeshakaribia sana.

Bandarini nilimsubiri ashuke wa mwisho. Jirani yetu wa Birere alikuwa pale kupokea mzigo, akamsalimia, akamwuliza kabini ilikuwaje, maana mtaa mzima ulishajua. Mama hakuzungumzia kitanda. Alimweleza kuhusu samaki: mpishi alivyomweka pembeni, asiye na munyu, amekaangwa hadi mapezi yanavunjika. Kisha akanigeukia.

“Yule wa viazi anapanda tena Alhamisi,” alisema. “Umebeba terimosi yake?”

Tulikuwa tumebadilishana. Yake ilikuwa ndani ya kikapu changu. Yetu ilikuwa imebaki Bukavu, kwake.